Khadimu Asiyetoa Siri za Nyumba

Katika mji wa Columbia, jimbo la Missouri, katikati ya bara la Marekani, yako maskani ya wazee yaitwayo TigerPlace, yaliyofunguliwa mwaka 2004 kwa ushirika wa Chuo Kikuu cha Missouri na kampuni moja ya kutunza wazee. Na mgeni aingiaye humo akiwa na shauku ya kuona maajabu ya zile nyumba ambazo siku hizi zaitwa nyumba janja, aghalabu hatapata cha kumshangaza, kwani hatakuta mlango unaomtambua mtu kwa uso wake, wala jokofu linalojiagizia maziwa. Atakuta vyumba vya kawaida, kila mzee na chake na ufunguo wake. Walakini chini ya godoro la mzee aliyeridhia kushiriki katika uchunguzi hulazwa mpira mwembamba wenye maji, ambao kila pigo la moyo na kila pumzi huutikisa kwa mtikisiko ambao mlalaji mwenyewe hausikii. Ukutani na darini vimebandikwa vihisi vidogo vinavyojua kwamba mtu amepita bila ya kujua ni mtu gani. Na jikoni kuna kimoja kinachopima joto la jiko, ili moto uliosahauliwa usije ukaleta msiba.

Kazi hii iliongozwa na mabibi wawili, Marilyn Rantz, bingwa wa uuguzi, na Marjorie Skubic, mhandisi wa kompyuta, ambao swali lao halikuwa jinsi ya kumstarehesha tajiri asiyetaka kuinuka kitini kuzima taa, bali jinsi ya kumwezesha mzee kuishi na hatimaye kufa katika chumba alichokichagua mwenyewe, pasipo kuhamishwa hamishwa kila siha yake inapopungua daraja moja. Na aliyepata kuuguza mzee anajua ugumu wa jambo hilo. Mzee hasemi. Huumwa siku nyingi akinyamaza, ama kwa kuwa hataki kuwasumbua watoto, ama kwa kuwa amezoea maumivu hata hayahesabu tena kuwa habari. Na maradhi ya njia ya mkojo, ambayo kijana huyalalamikia siku ile ile, kwa mzee huweza kujificha mpaka yakamvuruga akili au yakamwangusha njiani akielekea chooni. Lakini mwili usiosema kwa ulimi husema kwa mwenendo: mtu aliyekuwa akiamka mara moja usiku akianza kuamka mara nne, aliyekuwa akilala kwa utulivu akianza kugaagaa, kile kihisi cha chooni na ule mpira wa godoroni huona tofauti hiyo, na kompyuta humpelekea muuguzi ilani aende akamjulie hali. Watafiti wa Missouri wamesimulia kwamba kwa njia hii dalili za maradhi huweza kutambulika siku kumi hadi wiki mbili kabla ya mgonjwa mwenyewe kulalamika.

Baadaye wakaupima na mwendo. Mwaka 2016 walitangaza kwamba mzee ambaye kasi ya kutembea kwake imepungua kwa sentimita 5 kwa sekunde ana uwezekano wa asilimia 86.3 wa kuanguka katika wiki tatu zinazofuata, na kwamba yule ambaye hatua yake imefupika kwa kadiri ya sentimita saba na nusu ana uwezekano wa asilimia 50.6, upungufu ambao hakuna mtoto wala mjukuu awezaye kuutambua kwa macho, kwa sababu anayemwona mzee kila siku huuzoea, na anayemwona kwa mwaka mara moja hana cha kulinganishia. Mwaka mmoja kabla ya hapo walikuwa wameonyesha kwamba wazee wa TigerPlace waliokuwa na vihisi vyumbani mwao waliweza kukaa hapo kwa wastani wa siku 1,557, ilhali wenzao wasiokuwa navyo walikaa siku 936. Nami naharakisha kuongeza kwamba vihisi havikumtibu mtu yeyote. Waliotibu ni wauguzi waliokuwa karibu, waliopata ilani na wakainuka kwenda kugonga mlango. Hao wakiondolewa, vyombo vyote vile vyabaki kuwa mapambo ya ukutani.

Jambo ambalo halitajwi sana katika habari za TigerPlace, na ambalo kwangu mimi ndilo lenye thamani kuliko takwimu, ni mashauri yaliyofanywa na wazee wenyewe kabla ya vyombo kuenea. Wahandisi wapenda picha, kwa kuwa picha ina habari nyingi. Wakataka kujua kama wazee wangekubali kamera vyumbani, hususa kwa ajili ya kutambua mtu aliyeanguka. Wazee walipoulizwa waliyaonea shaka macho hayo ya daima, lakini walipoonyeshwa picha iliyofutwa uso, nguo na chumba, ikabaki umbo tupu la kivuli chenye kutembea, wengi wao waliona hilo lavumilika. Basi wahandisi wakaifuata kauli hiyo. Hata ilipotoka Kinect ya Microsoft mwishoni mwa mwaka 2010, chombo kilichotengenezwa kwa michezo ya watoto mbele ya televisheni, waliichukua kwa sababu inapima umbali wa kila kitu kilicho mbele yake, na kwa umbali tu ikaweza kujua kwamba mtu amesimama, ameketi au amelala sakafuni, pasipo kuujua uso wake. Kasi ya hatua na urefu wake vilipimwa kwa kivuli. Maana yake ni kwamba ile habari ambayo tabibu aliihitaji haikuwamo usoni kamwe, na heshima waliyoidai wazee haikupunguza hata chembe ya elimu iliyopatikana.

Hapa ndipo napenda msomaji asimame kidogo, kwa sababu tumezoea kuambiwa na wauzaji wa vyombo kwamba afya na faragha ni vitu vya kubadilishana, kwamba atakaye hiki sharti atoe kile. Na dai hili, kwa kadiri nionavyo, ni la biashara kuliko la elimu. Mwangalizi wa nyumbani si jambo geni. Nyumba nyingi za zamani, za mwambao wetu na za kwingineko, zilikuwa na khadimu aliyejua bwana amelala saa ngapi, nani amekataa chakula, na maji ya kuoga yawe na moto kiasi gani. Naye alijua hayo yote kwa sababu asingeweza kutumika bila ya kuyajua. Wala dini haikuliacha jambo hilo bila hukumu. Sura ya An-Nur, ambayo inaharamisha kuingia nyumba za watu pasipo kuomba idhini na kutoa salamu, haikuishia kwa wageni. Imewageukia pia walio ndani, yaani watumishi na watoto wasiobaleghe, ikawataka waombe ruhusa katika nyakati tatu: kabla ya Sala ya alfajiri, wakati wa adhuhuri watu wavuapo nguo zao, na baada ya Sala ya isha. Yatazamwe hayo kwa makini. Khadimu haruhusiwi kila mahali kila saa kwa kuwa tu ni khadimu. Na nyakati zilizotajwa ndizo hizo hizo ambazo vyombo vya siku hizi huzitamani zaidi, kwa kuwa ndizo nyakati za kulala, za kuamka na za kuvua nguo.

Kwa kipimo hicho maswali ya kukiuliza chombo ni mawili tu: je, kinajua zaidi ya inavyohitaji kazi yake, na ikiwa kinajua, habari hizo hulala wapi usiku. Swali la pili ndilo zito. Khadimu mwenye macho makali asiyetoka nje ya ua hana madhara makubwa; lakini yule anayejua machache tu, naye kila jioni huenda kuyasimulia sokoni, hafai kukaa nyumbani hata siku moja.

Mfano mzuri wa khadimu asiyetoka nje ni nyumba ya Michael Mozer, mwanachuoni wa Chuo Kikuu cha Colorado, aliyefanya majaribio yake katika miaka ya 1990 huko Boulder. Nyumba hiyo ilikuwa zamani skuli ndogo iliyojengwa mwaka 1905, naye akaitia vihisi kadiri ya 75 vya mwanga, joto, sauti, mwendo na milango, kisha akaiachia kompyuta ijifunze yenyewe, pasipo kuamrishwa, ni saa ngapi apendapo taa, maji ya moto na joto la vyumba. Mwanafunzi wake huyo alikuwa na ubahili wa makusudi: alipunguza mwanga kidogo kidogo ili kuokoa umeme, na bwana asipolalamika akachukulia kwamba ameridhia, ila bwana akinyosha mkono kuiongeza taa, basi hilo lilikuwa karipio nalo huandikwa. Yote hayo yalikamilika ndani ya kuta zile zile, katika zama ambazo intaneti ya majumbani ilikuwa bado changa. Tunalotakiwa kuamini leo, kwamba nyumba haiwezi kumzoea mwenyewe mpaka habari zake zisafirishwe hadi kwa kampuni iliyo mamia ya maili, lilikuwa limekwisha kanushwa zaidi ya robo karne iliyopita na mtu mmoja aliyeishi katika skuli kuukuu.

Lakini Mozer alikuwa mkweli, akaandika baadaye na yale ambayo hakuyatarajia. Chombo cha kuchemshia maji kilizimika kila kilipodhani kwamba maji hayatatakiwa hivi karibuni. Kwa hiyo ili apate maji ya moto ilimpasa yeye mwenyewe awe na saa maalumu za kuoga, asije akaichanganya nyumba. Akichelewa ofisini, alihisi kwamba nyumba inamngoja. Mtu aliyekusudia kujenga nyumba itakayomfuata alijikuta ameanza kuifuata, jambo ambalo yeye alilisimulia kwa kicheko, nami nalicheka pia, ingawa najua kwamba mzee wa miaka themanini aliyewekewa chombo na wanawe hatakuwa na uhodari ule wa kulicheka; ataacha tu kuamka usiku kusoma, ili ilani isipigwe.

Na raha yenyewe, hiyo inayosemwa kwamba nyumba zitatupatia, haijawahi kuwa kitu kimoja kwa watu wote. Mnamo mwaka 1970 P. O. Fanger, bingwa wa Denmark, alitoa hesabu zake maarufu za kukadiria ni joto gani litakaloridhisha watu wengi ndani ya chumba, na viyoyozi vya maofisi ya dunia nzima vikaja kupimwa kwa hesabu hizo. Hata mwaka 2015 wataalamu wawili wa Uholanzi wakaonyesha kwamba kiwango kilichotumika cha joto linalozalishwa na mwili kilikuwa cha mwanamume wa miaka 40 mwenye uzito wa kilo 70, na kwamba kwa wanawake kimezidi ukweli. Kila mwanamke anayekwenda ofisini Dar es Salaam na shuka begani katika mwezi wa Februari, wakati nje watu wanayeyuka kwa jua, angeweza kuwaambia hayo bila ya utafiti. Nyumba inayojifunza kwa mkazi wake haihitaji hesabu ya mtu wa wastani, na hiyo ni faida ya kweli. Lakini ikumbukwe kwamba kujifunza huko ni kwa mtu mmoja na nyumba moja, kwa hiyo hapana hoja ya kulikusanya jambo hilo pahali pamoja na siri za watu milioni kumi.

Sasa tuwatazame makhadimu waendao sokoni. Mwaka 2022 jarida la MIT Technology Review lilifichua kwamba picha zilizopigwa na mashine za kufagia za kampuni ya iRobot, mashine ndogo za duara zinazojiendesha sakafuni, zilikuwa zimevuja. Na miongoni mwazo ilikuwamo ya mwanamke aliyeketi chooni. Kampuni ilieleza kwamba hizo zilikuwa mashine maalumu za majaribio, waliopewa walikubali kwa maandishi, na hilo sina sababu ya kulipinga. Linalonishughulisha ni safari ya picha. Ilitoka chooni ikaenda kwa kampuni, kutoka kwa kampuni ikapelekwa kwa kampuni nyingine ya kuifunza mashine kutambua vitu, na huko ikaangukia mikononi mwa vibarua wa Venezuela ambao kazi yao ni kuandika majina ya vitu vilivyo katika picha, hiki kiti, hili zulia, huyu mtu. Nao wakaionyeshana katika vikundi vyao vya mtandaoni. Hapana mmoja katika mlolongo huo aliyekusudia uovu mkubwa. Walikuwa wengi tu, na kila mmoja alikuwa mbali na choo kile.

Mwezi Mei mwaka 2023 Tume ya Biashara ya Shirikisho la Marekani iliwashitaki Amazon katika mambo mawili: kwamba wafanyakazi na vibarua wa kampuni yao ya Ring, yenye kuuza kamera za majumbani, waliweza kutazama picha za faragha za wateja, na kwamba spika za Alexa ziliziweka sauti za watoto kupita ilivyoruhusiwa. Kampuni haikukubali kuwa imevunja sheria, lakini ilikubali kulipa dola milioni 5.8 kwa lile la kwanza na milioni 25 kwa la pili. Mwezi Machi mwaka 2025 kampuni hiyo hiyo ikaondoa hiari, iliyokuwapo kwa baadhi ya spika zake, ya mtu kuzuia sauti yake isipelekwe nje ya nyumba. Hapana mwizi aliyevunja mlango hapa. Ni masharti ya mkataba yaliyobadilishwa baada ya chombo kununuliwa na kuzoeleka.

Asidhani msomaji kwamba salama iko katika kukataa kamera na spika peke yake. Katika miaka ya 1980 George Hart, wa chuo cha MIT, aligundua kwamba mita moja ya umeme, ikisomwa kwa upesi wa kutosha, yatosha kutambua vyombo vyote vya nyumba, kwa kuwa jokofu, pasi na pampu kila kimoja huchukua na kuacha umeme kwa namna yake. Na mtu huyo huyo, kwa uungwana usiopatikana mara nyingi kwa wavumbuzi, aliandika mwaka 1989 kuonya kwamba uvumbuzi wake waweza kuwa jasusi. Waholanzi walilitia maanani jambo hilo kiasi kwamba mwaka 2009 Seneti yao ilikataa kupitisha sheria ya kulazimisha kila nyumba iwe na mita za namna hiyo, kwa hoja ya haki ya mtu kutoingiliwa nyumbani kwake. Mahakama ya Juu ya Marekani nayo, katika kesi ya Kyllo ya mwaka 2001, ilihukumu kwamba polisi aliyesimama barabarani akapima joto la kuta za nyumba kwa chombo maalumu amefanya upekuzi, ijapokuwa hakugusa mlango. Na hakimu Antonin Scalia, ambaye hakuwa mtu wa kuonea huruma wahalifu, alitoa mfano kwamba chombo cha namna hiyo chaweza kutambua hata saa ambayo bibi wa nyumba huoga. Kizingiti cha nyumba, kwa hukumu hiyo, kinalinda hata joto linalopenya ukutani.

Kwa nini, basi, vyombo vingi vilivyo madukani vimejengwa ili habari zitoke? Sababu moja ilikuwa ya haki wakati wake: kutambua usemi wa mtu kulihitaji kompyuta kubwa ambazo hakuna nyumba iliyoweza kuwa nazo. Sababu hiyo inadhoofika kila mwaka. Sababu nyingine haidhoofiki: mwenye kuuza chombo mara moja hupata fedha mara moja, lakini mwenye kushika uzi wa chombo hicho huweza kuuvuta apendapo. Wanunuzi wa Revolv, kisanduku cha kuunganishia taa na milango kilichouzwa kwa dola 300, walilijua hilo mwezi Mei mwaka 2016, pale Nest, kampuni iliyokuwa imenunuliwa na Google, ilipozima kompyuta za mbali zilizoviendesha, na vile visanduku, vizima na visivyo na kasoro, vikafa katika nyumba za watu kwa siku moja.

Njia nyingine ipo, wala si ya ndoto. Mwaka 2013 Paulus Schoutsen, Mholanzi aliyekuwa akiishi California, alitaka taa zake ziwake jua linapotua, akajiandikia programu yake mwenyewe. Ikakua kwa mikono ya watu wengi waliojitolea mpaka ikawa Home Assistant, ambayo hutolewa bure, hukaa katika kompyuta ndogo inayotoshea kiganjani, na hufanya kazi hata intaneti ikikatika. Mwaka 2024 iliwekwa chini ya wakfu ulioandikishwa Uswisi, ili asitokee wa kuinunua. Siwezi kuisifu pasipo kusema aibu yake: yataka mtu mwenye subira na ujuzi, na fundi wa kuisimika hapatikani kirahisi kama fundi wa dishi la televisheni. Mwaka 2022 makampuni makubwa yalipatana juu ya kanuni iitwayo Matter, inayoviwezesha vyombo vya watengenezaji mbalimbali kuzungumza vyenyewe kwa vyenyewe ndani ya nyumba. Ni hatua njema, ingawa kanuni hiyo haimzuii mtengenezaji wa chombo kupeleka habari kwake kwa mlango mwingine.

Na mlango mwingine unafunguliwa sasa, wa mawimbi. Dina Katabi na wenzake wa MIT wameonyesha kwamba mawimbi ya redio yenye nguvu ndogo, yakirudi baada ya kugonga mwili, huweza kuhesabu pumzi za mtu aliyelala hata akiwa nyuma ya ukuta, pasipo yeye kuvaa kitu chochote. Na mwaka 2022 walichapisha kwamba kwa kusoma pumzi za usingizini waliweza kutambua ugonjwa wa Parkinson. Kwa mgonjwa asiyetaka kuvalishwa nyaya hiyo ni rehema kubwa. Lakini chombo kisicho na jicho hakiwi kwa hilo tu chenye adabu. Kamera inaweza kufunikwa kwa kitambaa, na mgeni akiiona hujihadhari, bali mawimbi hayaonekani wala hayaheshimu ukuta, na anayelala upande wa pili hakuulizwa.

Sheria zetu zimeanza kulikabili jambo hili. Kenya ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Data mwaka 2019, na Tanzania Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023; zote mbili zahesabu habari za afya ya mtu katika zile nyeti, zinazotaka hifadhi kubwa kuliko nyingine. Kampuni itakayouza usingizi wa mteja wake ina mahali pa kushitakiwa. Hata hivyo sheria ya Kenya imeziacha nje habari zinazoshughulikiwa na mtu binafsi kwa mambo yake ya nyumbani, nayo ina sababu, kwani serikali isingeweza kuhukumu kila albamu ya harusi. Ila matokeo yake ni kwamba mwana aliye London au Muscat, aliyemtilia mama yake kamera sebuleni Mombasa na kumtazama kutoka kwenye simu wakati wa chakula cha mchana, sheria hiyo haimgusi. Amefanya hivyo kwa mapenzi, na yamkini kwa khofu. Mama naye pengine hakuambiwa kwamba kamera inasikia, na mashoga zake wanaokuja alasiri, wakafungua mabuibui yao na kuzungumza wayazungumzayo, hao hawakuambiwa kabisa.

Kwa mwana huyo upo mfano mmoja wa zamani kidogo ambao nausikitikia kwamba haukupata kuwa bidhaa ya madukani. Katika nyumba ya majaribio ya chuo cha Georgia Tech, huko Atlanta, Elizabeth Mynatt na wenzake waliibuni mwanzoni mwa karne hii fremu ya picha ya kutundikwa nyumbani kwa mtoto aliye mbali. Katikati mna picha ya mzazi, ile ile isiyobadilika, na pembezoni mna vipepeo 28, kila mmoja kwa siku moja katika siku zilizopita. Siku ambayo mzazi amekwenda huku na huko nyumbani kwake kipepeo huwa mkubwa, na siku aliyokaa sana kipepeo huwa mdogo. Haionyeshi amevaa nini, wala nani amemtembelea. Mtoto aonaye vipepeo watatu wadogo mfululizo hana la kufanya ila kumpigia simu mama yake na kumwuliza hali, na mama aweza kumjibu kwamba alikuwa na mafua, au kwamba alikuwa akisoma kitabu, au asimjibu kitu.

Kipepeo hatoi habari ya mtu aliyeanguka bafuni saa nane ya usiku, hilo ni kweli, na hapo ndipo vivuli vya Missouri vinapotakiwa. Lakini kabla ya kuvitundika inafaa mzee aketishwe mchana na mtu asiyemharakisha, angali na akili zake timamu, aulizwe ni chumba gani kisiingizwe chombo kabisa, ni saa zipi kizimwe kwa mkono wake mwenyewe, na usiku huo akianguka angependa aamshwe nani kwanza: muuguzi, jirani mwenye ufunguo, au mwanawe aliye ng'ambo ya bahari.